Jina la tovuti, seva na barua pepe: kipi ni mali ya mwenye tovuti na kipi amepanga tu

Kampuni ya usafirishaji yenye malori manane jijini Dar es Salaam inafungua ofisi Jumatatu asubuhi na kukuta barua pepe haziingii wala hazitoki. Tovuti nayo haifunguki. Mteja wa Lubumbashi anasubiri nakala za hati za kontena mbili ambazo zimekwisha fika Tunduma, na wakala wa forodha upande wa pili, Nakonde, hawezi kuanza kazi bila hati hizo. Meneja anampigia simu mtoa huduma wa intaneti, anajibiwa kuwa laini ni nzima. Anampigia kijana aliyetengeneza tovuti miaka mitatu iliyopita, simu haipatikani. Mpaka jioni hakuna anayejua kilichoharibika, kwa sababu hakuna aliyewahi kueleza pale ofisini kwamba chini ya ankara moja iliyolipwa siku ile kulikuwa na vitu vitatu tofauti: jina la tovuti, nafasi kwenye seva, na huduma ya barua pepe.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini kila sehemu yake hutokea. Wauzaji wengi wa huduma hizi huziweka katika kifurushi kimoja na bei moja ya mwaka, jambo ambalo si baya. Ubaya huanza pale mwenye tovuti anapodhani amenunua kitu kimoja. Kila kimoja kati ya vitatu hivyo kina mwenyewe, kina tarehe yake ya kuisha, na kinaweza kufa peke yake.

Jina

Kompyuta haitafuti tovuti kwa jina. Kila seva iliyounganishwa na intaneti ina namba yake, iitwayo anwani ya IP, na namba hiyo ndiyo inayotumika kupeleka na kurudisha data. Majina yapo kwa ajili ya binadamu, ambao hawawezi kukariri namba. Zamani, wakati mtandao ulikuwa na kompyuta chache, orodha ya majina na namba zake ilitunzwa katika faili moja huko Kalifornia, Marekani, na kila kituo kilichukua nakala. Kompyuta zilipoongezeka faili hilo likashindwa kazi, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni mfumo unaotumika mpaka leo, DNS, ambao orodha yake imegawanywa kwa ngazi duniani kote.

Jina kama mfano.co.tz husomwa kutoka kulia. Herufi za mwisho, tz, huonyesha ni daftari la nchi gani; co huonyesha kundi la biashara; mfano ni jina lililosajiliwa na kampuni yenyewe. Kila nchi ya ukanda huu ina daftari lake: .ke ya Kenya husimamiwa na KeNIC, .rw ya Rwanda na RICTA, na Uganda, Burundi na Kongo zina .ug, .bi na .cd. Wafanyabiashara wa Kongo wenye umri mkubwa kidogo watakumbuka kwamba nchi yao iliwahi kuwa na herufi .zr. Jina la Zaire lilipoondolewa mwaka 1997 ikaja .cd, na .zr ikafutwa kabisa mwaka 2001. Majina yanayoishia na .com hayana nchi. Daftari lake liko mikononi mwa kampuni ya Kimarekani iitwayo Verisign, na huuzwa na mawakala wa usajili walioko kila mahali.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba jina halinunuliwi moja kwa moja. Husajiliwa kwa mwaka mmoja au zaidi, kisha hulipiwa tena. Muda ukipita bila malipo, jina hurudi sokoni na mtu yeyote anaweza kulisajili. Kwa .com hatua zenyewe ni hizi: wakala wa usajili anaweza kutoa muda wa ziada usiozidi siku 45 ambapo mwenye jina bado anaweza kulipia, baadaye huja siku 30 za kulikomboa, na hapo gharama hupanda sana, mwisho ni siku 5 za kusubiri kufutwa, ambazo hakuna anayeweza kuligusa. Tovuti na barua pepe kwa kawaida huwa zimezimwa mapema, mara nyingi siku chache tu baada ya tarehe ya mwisho. Madaftari ya nchi yana taratibu zake, na muda wa huruma unaweza kuwa mfupi zaidi.

Mawakala wa usajili wa majina ya .com wanatakiwa kutuma ukumbusho mwezi mmoja na wiki moja kabla ya tarehe ya mwisho, na mwingine ndani ya siku tano baada ya muda kupita. Ukumbusho huo hutumwa kwenye anwani ya barua pepe iliyoandikwa katika usajili. Hapo ndipo kampuni nyingi hupotelea. Anwani iliyoandikwa ni ya kijana aliyetengeneza tovuti, ambaye amekwisha badili kazi. Au ni ya karani aliyeacha kazi. Au, mbaya kuliko zote, ni anwani inayotumia jina lilelile linaloisha, kiasi kwamba jina likizimwa hata barua ya kuuliza haiwezi kufika. Anwani ya usajili inapaswa kuwa ya mwenye kampuni, na iwe nje ya jina hilo.

Vilevile ni muhimu kujua jina limeandikwa kwa nani. Fundi anaposajili jina la mteja kwa jina lake mwenyewe, machoni pa daftari mwenye mali ni fundi. Wakielewana hakuna tatizo. Wasipoelewana, kampuni iliyochapisha anwani hiyo ubavuni mwa malori manane na kwenye kadi za biashara zilizoko Kigali mpaka Guangzhou itajikuta inaomba kitu chake yenyewe. Kabla ya kulipa, mteja ana haki ya kudai mambo mawili: usajili uandikwe kwa jina la kampuni yake, na yeye apewe neno la siri la akaunti ya usajili.

Kuna hatari nyingine ambayo hutajwa mara chache. Anayesajili jina lililoachwa hupata pia barua pepe zinazotumwa kwenye jina hilo. Mteja wa Bukavu ambaye hajui kilichotokea ataendelea kuandika kwenye anwani ileile, na atakayejibu ni mtu mwingine.

Njia

Intaneti hukata kila ujumbe vipande vidogo viitwavyo pakiti. Kila pakiti huandikwa inakotoka na inakokwenda, na zinaweza kupita njia tofauti kisha zikaunganishwa zikifika. Msafirishaji hawezi kupata shida kuelewa hili: mzigo wa meli moja hugawanywa kwenye malori mengi, mengine yakapita Rusumo na mengine Kabanga, na mwishowe ukahesabiwa ghalani.

Na kama ilivyo kwa mizigo, intaneti ya Afrika Mashariki ina bandari na shoroba zake. Mpaka mwaka 2009 ukanda huu ulitegemea setilaiti, kwa bei kubwa na mwendo mdogo. Mwaka huo nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS ziliingia kazini, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Nyaya hizi zinatua pwani, Mombasa na Dar es Salaam, kisha huendelea bara kwa nyaya za ardhini. Uganda, Rwanda na Burundi, ambazo hazina bahari, hupata sehemu kubwa ya intaneti yao kupitia Kenya na Tanzania, karibu sawasawa na zinavyopata mafuta na kontena zao.

Ndiyo maana waya ukikatika baharini ofisi za Kampala nazo huumia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika karibu na Afrika Kusini kwa wakati mmoja, na huduma ikashuka vibaya Tanzania na nchi jirani. Miezi michache kabla yake, Februari 2024, nyaya kadhaa zilikuwa zimekatika katika Bahari ya Shamu.

Jambo hili linamhusu mwenye tovuti kwa sababu ya mahali seva yake ilipo. Kama seva iko Ujerumani au Marekani, karani wa Dar es Salaam anayesoma tovuti ya kampuni yake mwenyewe anavuka bahari kwenda na kurudi, hata kama kompyuta yake iko mtaa mmoja na aliyemuuzia huduma. Kama seva iko ndani ya nchi na imeunganishwa kwenye kituo cha kubadilishana data cha hapo, kama kile cha Nairobi kiitwacho KIXP au vile vya Dar es Salaam, Kampala na Kigali, data haihitaji kutoka nje. Tovuti ya namna hiyo inaweza kuendelea kufunguka nchini hata waya wa baharini ukikatika, ikiwa na DNS yake pia iko karibu. Kwa upande mwingine seva za nje mara nyingi ni nafuu, na umeme wake haukatiki ovyo. Kampuni ambayo wateja wake wengi wako Dubai na China haipati faida kubwa kwa seva ya nyumbani. Ile ambayo wateja wake wako Mwanza, Arusha na Bujumbura inaipata.

Seva

Tovuti ni mafaili yaliyowekwa kwenye kompyuta isiyozimwa. Kupanga nafasi kwenye kompyuta hiyo hakutofautiani sana na kupanga chumba cha biashara. Huduma ya bei nafuu ni ya seva ya pamoja, ambapo mamia ya tovuti hukaa kwenye mashine moja. Kwa kampuni inayotaka kuonyesha huduma zake, njia zake na namba za simu, hiyo inatosha kabisa. Anayehitaji seva ya peke yake ni yule mwenye mfumo wa kufuatilia malori au wa kupokea malipo, na huyo kwa kawaida tayari ana fundi wake.

Muuzaji anapoahidi kuwa seva itakuwa hewani asilimia 99.9 ya muda wote, maana yake ni kwamba inaruhusiwa kuzimika karibu saa 8 na dakika 45 kwa mwaka bila yeye kuvunja ahadi. Kuhusu nakala za akiba, mkataba usomwe vizuri: mara nyingi muuzaji hutunza nakala kwa hisani tu na hawajibiki zikipotea. Nakala moja ya tovuti nzima kwenye diski ya ofisini, ikibadilishwa kila mwezi, inagharimu nusu saa.

Tovuti pia inahitaji cheti cha usalama, ambacho hufanya anwani ianze na https na kuficha data zisisomwe njiani. Tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome huandika kwamba tovuti isiyo na cheti si salama. Vyeti vya bure vimekuwepo tangu mwaka 2015 kupitia Let's Encrypt, na seva nyingi huviweka zenyewe, hivyo anayedaiwa pesa nyingi kwa cheti cha kawaida aulize kwa nini.

Barua pepe

Hapa ndipo biashara yenyewe ilipo. Tovuti ikizimika siku mbili wateja wachache wataona. Barua pepe ikizimika saa mbili lori linasimama mpakani.

Katika DNS ya kila jina kuna rekodi kadhaa. Moja huelekeza wageni kwenye seva ya tovuti. Nyingine, iitwayo MX, huelekeza barua kwenye seva ya barua. Hizi si lazima ziwe seva moja. Kampuni inaweza kuwa na tovuti Nairobi na barua pepe kwa mtoa huduma mwingine kabisa, na kwa biashara inayotegemea barua pepe huo ni mpango mzuri, kwa sababu seva ya tovuti ikivamiwa au ikijaa, barua zinaendelea kupita.

Kwa kujua hayo, meneja wa mfano wetu angeweza kupunguza mahangaiko. Tovuti ikifunguka kwa simu yenye mtandao mwingine lakini si ofisini, tatizo ni laini ya ofisi. Tovuti ikifa huku barua zinapita, tatizo ni seva ya tovuti. Vyote viwili vikifa kwa kila mtu, aangalie kwanza tarehe ya usajili wa jina, kabla hata ya kumtafuta fundi.

Barua inapotumwa, haiendi moja kwa moja kwa mpokeaji. Seva ya mtumaji huuliza DNS barua za jina la mpokeaji zinapokelewa wapi, kisha huzungumza na seva hiyo. Seva ya mpokeaji ikiwa imezimika kwa muda, seva nzuri ya mtumaji hujaribu tena na tena, mara nyingi kwa siku kadhaa, ndipo irudishe barua na maelezo ya kushindwa. Maelezo hayo, ambayo karani wengi huyafuta bila kuyasoma, ndiyo yanayosema kama kasha la mpokeaji limejaa, kama anwani imekosewa, au kama barua imekataliwa.

Faili linapoambatanishwa huongezeka ukubwa kwa zaidi ya theluthi moja, kwa sababu barua pepe ilibuniwa kubeba maandishi tu na picha lazima igeuzwe kuwa maandishi kwanza. Gmail huruhusu kutuma hadi megabaiti 25. Kwa hiyo hati zilizopigwa picha zenye megabaiti 20 zinaweza kukataliwa, na karani akabaki anashangaa.

Ofisini barua husomwa kwa njia mbili. Ya zamani, POP, hushusha barua kwenye kompyuta na mara nyingi huzifuta kwenye seva. IMAP huziacha kwenye seva, ili zisomeke pia kwenye simu. Kampuni iliyoweka POP kwenye kompyuta moja, na kompyuta hiyo ikaibiwa, hupoteza makubaliano yote ya bei na tarehe ambayo ingeyahitaji siku ya mgogoro na mteja.

Malalamiko makubwa, hata hivyo, ni kwamba barua huishia kwenye barua taka. Sababu yake kubwa ni kwamba barua pepe ilipobuniwa hakuna aliyefikiria uongo. Mtu yeyote anaweza kuandika anwani yoyote mahali pa mtumaji, kama anavyoweza kuandika jina lolote nyuma ya bahasha. Rekodi tatu za DNS zimeongezwa ili kuziba pengo hilo. SPF ni orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la kampuni, kama orodha ya madereva iliyoachwa getini. DKIM ni kama lakiri ya forodha juu ya kontena: seva ya mtumaji hupiga alama ambayo mpokeaji anaweza kuihakiki, na barua ikiguswa njiani alama haikubali. DMARC ni agizo la mwenye jina kuhusu barua isiyo kwenye orodha wala isiyo na lakiri halali, kama iachwe ipite, iwekwe kando au ikataliwe. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo hudai walau SPF au DKIM kwa kila anayewaandikia wateja wao, na zote tatu kwa wanaotuma barua nyingi. Kampuni ambayo barua zake kwa wateja wa Gmail zinapotea ianzie hapo. Kuweka rekodi hizi ni kazi ya saa moja kwa fundi anayejua, na hakuna ada ya kulipia.

Ankara yenye akaunti nyingine

Rekodi hizo hazizuii kila wizi. Wizi unaowaumiza zaidi wafanyabiashara wa mipakani huanza kwa neno la siri. Mtu wa ofisini hupata barua inayomtaka aingie upya kwenye kasha lake, anaandika neno la siri kwenye ukurasa wa uongo, na hakuna kinachotokea. Mwizi anaingia kimya kimya, anaweka kanuni inayompelekea nakala ya kila barua yenye neno ankara au malipo, na anasubiri. Inaweza kuwa wiki, inaweza kuwa miezi. Siku ankara halisi inapotumwa, mteja anapata barua nyingine, katika mazungumzo yaleyale, yenye mhuri uleule, ikieleza kwamba benki imebadilika. Wakati mwingine inatoka kwenye kasha lenyewe. Wakati mwingine kwenye jina linalofanana, ambapo herufi m imeandikwa r na n zikifuatana. FBI ya Marekani ilipokea mwaka 2023 taarifa za hasara ya takriban dola bilioni 2.9 kutokana na wizi wa aina hii.

Mteja amelipa, msafirishaji hajapokea, na kila mmoja ana barua ya kumuonyesha mwenzake. Urafiki wa kibiashara wa miaka kumi huweza kuvunjika hapo.

Kinga yenyewe ni ya kawaida. Akaunti ya benki isibadilishwe kwa barua pepe peke yake. Mlipaji apige simu kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye barua. Kasha la barua lifungwe kwa hatua mbili, neno la siri pamoja na namba inayokuja kwenye simu au programu. Na mara moja kwa mwezi mtu afungue mipangilio ya kasha aone kama kuna kanuni ya kupeleka barua kwingine ambayo hakuna aliyeiweka.

Kuhama

Mwenye tovuti asiyeridhika anaweza kuhama, na mara nyingi huogopa bure. Jina linaweza kubaki lilipo huku rekodi zake zikielekezwa kwenye seva mpya. Mabadiliko hayo huchukua dakika chache hadi siku mbili kuenea, kwa sababu seva nyingi duniani hutunza majibu ya zamani kwa muda. Katika kipindi hicho baadhi ya barua zitaingia kwenye kasha la zamani na nyingine kwenye jipya, kwa hiyo huduma ya zamani isikatwe mpaka wiki moja ipite, na barua za zamani zinakiliwe kabla ya siku ya mwisho ya mkataba. Siku nzuri ya kubadilisha rekodi ni Ijumaa jioni, baada ya kuhakikisha hakuna lori lenye hati zinazosubiriwa mpakani mwishoni mwa wiki hiyo.